Mstari Ulionyooka Mbele ya Moto

Mwaka 1782, Josiah Wedgwood, mfinyanzi mashuhuri wa Staffordshire nchini Uingereza, alipeleka mbele ya Royal Society ya London kifaa cha kupimia joto la tanuri. Haja yake ilikuwa ya kweli. Themometa ya zebaki haina kazi ndani ya moto wa mfinyanzi, kwa kuwa zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, na tanuri la vyombo huanza kazi ya maana likiwa limeipita mbali namba hiyo. Wedgwood alikuwa na mafundi waliosoma moto kwa macho, lakini moto ukikosewa, mzigo mzima wa vyombo ulipotea, na hakuna fundi aliyeweza kumrithisha mwenzake macho yake. Suluhisho alilitafuta katika kitu alichokifahamu kuliko watu wengi, yaani udongo. Udongo ukichomwa hunywea, na moto ukizidi nao huzidi kunywea. Akatengeneza vipande vidogo vya ukubwa mmoja, akaviingiza tanurini, akavitoa vikapoa, kisha akavisukuma katikati ya vijiti viwili vya shaba vilivyobandikwa juu ya bamba. Vijiti hivyo vilianza na mwanya wa nusu inchi, vikakaribiana kidogo kidogo hadi sehemu tatu za kumi za inchi. Kipande kilichonywea zaidi kilipenya mbali zaidi, na pale kilipokwama ndipo namba iliposomwa. Kipimo kizima kilikuwa na alama 240.

Hadi hapo hakukuwa na kosa. Kosa liliingia alipotaka kuunganisha alama zake na nyuzi za Farenhaiti ambazo wasomi wote wa nchi yake walizitumia. Kati ya mahali zebaki inapoishia na mahali udongo unapoanza kunywea kulikuwa na pengo, na Wedgwood alilivuka kwa kupima namna kipande cha fedha kinavyotanuka. Kutokana na vipimo vichache vya sehemu ya chini, alikata shauri kwamba kila alama ya udongo ni sawa na nyuzi 130 za Farenhaiti, na kwamba itakuwa hivyo kuanzia alama ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa maneno mengine, alipiga mstari ulionyooka, akaurefusha kupita pale alipopima. Kwa hesabu hiyo fedha ilionekana kuyeyuka kwenye nyuzi 4,717 za Farenhaiti, ilhali leo tunajua huyeyuka kwenye 1,763. Chuma cha kalibu kilipewa nyuzi 17,977, ambazo ni karibu 9,970 za Selsiasi. Uso wa jua una kama 5,500. Mfinyanzi mwangalifu, mtu aliyeheshimu vipimo kiasi cha kuchaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka uliofuata, alikuwa ameandika kwamba tanuri la chuma la Uingereza ni la moto kuliko jua.

Naanza na kosa hilo kwa sababu bado linatendeka. Mtu anayejenga leo kidhibiti cha tanuri la vyungu, au cha jiko la kukomazia visu, akaunganisha kihisi cha joto na maikrokontrola ya bei ndogo, huwaza kwamba kazi yake ni kuchagua kihisi kinachoweza kustahimili joto kubwa. Kustahimili ni sharti la kwanza tu. Historia ya kupima moto, tangu Wedgwood hadi leo, inaonyesha kwamba hatari kubwa zaidi ni kuamini kwamba kitu kitaendelea kutenda juu kama kilivyotenda chini. Kila hatua ya kweli katika kazi hii ilipatikana pale mtu alipoiacha dhana hiyo, akakubali kwamba vitu hupinda, akapima kupinda kwenyewe, kisha akatafuta mahali pa kuhakikishia kipimo chake. Kwa hiyo kihisi kizuri cha joto kubwa ni kile ambacho kupinda kwake kunajulikana, na ambacho mwenye nacho anaweza kukikagua.

Kuna pingamizi linalopaswa kujibiwa mapema, nalo ni la haki: watu waliyeyusha madini na kuchoma vyombo kwa maelfu ya miaka bila namba yoyote. Ushahidi wake hauko mbali nasi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science utafiti wao wa Buhaya, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Wazee waliokumbuka kazi iliyokuwa imekoma kwa miongo mingi walijenga tanuri upya, wakajaza shimo lake kwa matete yaliyochomwa, wakaweka mkaa na mawe ya chuma, wakapuliza kwa mivukuto hadi chuma kikapatikana na mavi ya chuma yakatiririka. Uchimbuaji katika eneo hilo ulionyesha kwamba ufundi wa namna hiyo ulikuwepo huko miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Mavi ya chuma hayatiririki kabla moto haujafika kama nyuzi 1,200 za Selsiasi, kwa hiyo wazee hao walifika huko na kubaki huko bila kifaa chochote zaidi ya macho, masikio na kumbukumbu. Ni kweli kabisa. Lakini angalia kilichofuata. Schmidt na Avery walidai kwamba mabomba ya udongo ya mivukuto, kwa kuwa yaliingia ndani ya tanuri, yaliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa. Wengine wakapinga, J. E. Rehder akiwa mstari wa mbele mwaka 1986, na mabishano yakageuka kuwa ya hesabu za joto: hewa ingeweza kupata moto kiasi gani katika bomba la urefu ule? Ufundi wa wazee haukuhitaji jibu la swali hilo. Aliyelihitaji ni mtu ambaye hakusimama pale, aliyetaka kujua, kulinganisha na kurudia mahali pengine. Maikrokontrola iko katika hali hiyohiyo. Haina macho wala kumbukumbu ya moto wa jana, na chochote itakachojua kuhusu tanuri kitapita katika nyaya mbili tatu.

Macho yenyewe yaliwahi kufanyiwa jedwali. Mfaransa Claude Pouillet, mwaka 1836, alizipa rangi za moto namba: wekundu wa kwanza kuonekana gizani nyuzi 525, wekundu wa cheri 900, rangi ya chungwa iliyokolea 1,100, weupe 1,300, weupe wa kuumiza macho 1,500. Jedwali hilo lilikaa katika karakana kwa muda mrefu, na mhunzi anayelifahamu bado hufaidika nalo, mradi karakana isiwe na jua kali na macho yawe ya mtu yuleyule.

Wakati huo kitu kingine kilikuwa kimeshapatikana Berlin. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck aliunganisha metali mbili tofauti zikafanya duara, akapasha moto mahali pamoja zilipokutana, akaona sindano ya dira iliyokuwa karibu ikigeuka. Yeye mwenyewe aliamini ameona sumaku ikizaliwa kutokana na joto, na hakupenda kuelezwa vinginevyo. Hans Christian Ørsted ndiye aliyetambua kwamba ni mkondo wa umeme. Kwa mpima moto, maana yake ilikuwa kubwa: nyaya mbili zilizoshikana ncha, ambazo leo huitwa themokapo, zinaweza kukaa ndani ya tanuri, na namba ikasomwa mbali na moto. Antoine César Becquerel alipendekeza mwaka 1826 kwamba njia hiyo itumike kupimia joto kubwa, naye Pouillet akaijaribu kwa chuma na platini. Ndipo Henri Victor Regnault, mpimaji aliyeogopwa kwa ukali wake, alipoichunguza katika miaka ya 1840, akakuta namba zinayumba, akaikataa. Neno la Regnault lilikuwa zito, na njia hiyo ikadharauliwa kwa karibu miaka 40. Kwa maoni yangu Regnault alikosea kwa kosa lilelile la Wedgwood, ila kutoka upande wa pili. Wedgwood aliuamini mstari wake bila kuukagua. Regnault aliona mstari hautulii, akaitupa njia nzima badala ya kuuliza ni kitu gani kinachoyumba. Kilichoyumba kilikuwa metali. Chuma hushika kutu motoni, na waya usio sawa kutoka ncha hadi ncha huzaa umeme wake wenyewe pasipotakiwa.

William Siemens, Mjerumani aliyehamia Uingereza, alipita njia nyingine. Ukinzani wa waya wa platini huongezeka kadiri unavyopata joto, na ukinzani ni kitu ambacho mafundi wa telegrafu walijua kukipima vizuri sana. Mwaka 1871 alitoa mhadhara mbele ya Royal Society kuhusu kipimajoto cha ukinzani kwa ajili ya matanuri. Kamati iliyokichunguza ilitoa taarifa mwaka 1874, nayo haikufurahisha: baada ya kukaa motoni, waya haukurudi kwenye namba yake ya mwanzo. Platini ilikuwa imechafuliwa na vitu vilivyoizunguka ndani ya bomba la chuma. Hugh Callendar, kijana wa Cambridge, ndiye aliyekiokoa kifaa hicho katika andiko lake la mwaka 1887. Alionyesha kwamba platini safi, ikizungushwa juu ya ulanga bila kubanwa wala kugusa uchafu, hurudi mahali pake kila mara. Tena hakudai kwamba inapanda kwa mstari. Alitoa hesabu ya mkunjo wake, na hesabu hiyo, ikiwa imeboreshwa, ndiyo iliyomo hadi leo katika programu zinazosoma kihisi cha PT100.

Karibu wakati huohuo, Paris, Henry Le Chatelier alikuwa akichunguza saruji na udongo. Alitaka kujua hutokea nini vitu hivyo vinapochomwa, na hakuwa na kipimo cha kutegemea. Akairudia njia ya Seebeck iliyokataliwa, lakini mwaka 1886 akachagua metali kwa akili: waya mmoja wa platini safi, wa pili wa platini iliyochanganywa na asilimia 10 ya rodi. Hakuna chuma cha kushika kutu, wala paladi ya kunyonya gesi. Jambo lililo kubwa zaidi, kwangu, ni namna alivyoweka namba. Hakuchukua vipimo viwili vya chini na kuurefusha mstari. Alisoma umeme wa nyaya zake katika joto ambalo maumbile yenyewe hulirudia kila mara, kama vile salfa inapochemka na metali safi kama dhahabu inapoyeyuka, kisha akachora mkunjo uliopita katika vituo hivyo. Fundi wa London na fundi wa Paris, kila mmoja akiwa na waya aliousafisha mwenyewe, wangeweza kufikia jibu moja kwa kuyeyusha dhahabu ileile. Wedgwood hakuweza hilo. Udongo wake ulitoka Cornwall, na alipotafuta udongo mwingine akakuta haunywei kama ule wa kwanza. Aliwahi hata kuahidi kuikabidhi Royal Society sehemu ya machimbo ili kipimo chake kisipotee. Kipimo kinachotegemea shimo moja la udongo hakiwezi kuwa cha dunia.

Hapa mfinyanzi anaweza kuinua mkono na kusema kwamba udongo haukushindwa. Ana hoja. Mwaka 1886, mwaka uleule wa Le Chatelier, Hermann Seger wa kiwanda cha kauri cha kifalme cha Berlin alitoa koni zake: vipande vyembamba vya udongo wenye mchanganyiko uliopimwa, kila kimoja kikitungwa ili kiiname kwenye joto lake. Miaka 10 baadaye Edward Orton alianza kuzitengeneza Ohio, Marekani, na bado zinauzwa. Koni haipimi nyuzi. Huonyesha kazi ambayo moto umekwisha kuifanya juu ya udongo, yaani joto pamoja na muda, na hilo ndilo ambalo rangi ya kung'aa ya chombo hulihisi. Mfinyanzi anayeweka koni kando ya themokapo anafanya jambo la busara, na mtu anayejenga kidhibiti cha tanuri asimcheke. Ila koni husema mara moja tu, tena baada ya tendo. Haiwezi kuiambia maikrokontrola iongeze au ipunguze umeme katika dakika ya 40. Nafasi yake ni ya hakimu, na Seger aliifaa nafasi hiyo kuliko Wedgwood kwa kuwa hakulazimisha koni zake zikae kwenye mstari wa nyuzi za Farenhaiti.

Platini ni ghali, na viwanda vya mwanzo wa karne ya 20 vilihitaji maelfu ya vipimo. Bei ilishuka kwa mkono wa Albert Marsh, aliyepata hataza mwaka 1906 kwa aloi za nikeli na kromi zinazostahimili moto mwekundu bila kuliwa na hewa. Aloi hizo ndizo zilizozaa nyaya za kupashia majiko ya umeme, na kampuni ya Hoskins ya Detroit ikatoa kutoka humo jozi ya themokapo: waya mmoja wa nikeli na kromi, wa pili wa nikeli yenye alumini kidogo. Leo jozi hiyo inaitwa aina ya K, nayo ndiyo inayouzwa kila mahali ikiwa imefunikwa kwa ala ya chuma cha pua au kauri. Faida yake juu ya platini si bei tu. Kwenye nyuzi 1,000 jozi ya Le Chatelier, inayoitwa sasa aina ya S, hutoa milivolti 9.587, aina ya K hutoa 41.276. Umeme mwingi zaidi ya mara nne ni rahisi kusomwa na kifaa cha kawaida. Hasara yake iko katika kromi. Ndani ya tanuri lenye upungufu wa oksijeni, kati ya nyuzi 800 na 1,050 hivi, kromi huliwa peke yake, waya ukapata ukoga wa kijani, na namba ikaanza kushuka huku moto ukiwa uleule. Aina ya N, iliyobuniwa Australia kwa kuongeza silikoni, ilitungwa hasa kupunguza udhaifu huo.

Mwaka 1927 mataifa yalikubaliana juu ya kipimo kimoja cha joto. Msingi wake ulikuwa mfululizo wa vituo vya kuyeyuka na kuchemka, na vyombo vya kujaza nafasi kati ya kituo na kituo: platini ya Callendar kwa sehemu ya chini, themokapo ya Le Chatelier kutoka nyuzi 660 hadi dhahabu. Dhahabu ilipewa nyuzi 1,063. Mwaka 1968 ikapewa 1,064.43, na mwaka 1990 ikawa 1,064.18. Dhahabu haikubadilika, wapimaji walizidi kuijua. Katika marekebisho hayo ya 1990 themokapo iliondolewa kabisa kwenye kipimo cha kimataifa, na platini ya Callendar ikapanda hadi kituo cha fedha, nyuzi 961.78. Wapo wanaoona hapo hukumu dhidi ya themokapo. Si hukumu hiyo. Platini inayofikishwa kwenye kituo cha fedha huwa ndani ya maabara, katika bomba la kwarzi, chini ya mikono inayoijua. PT100 ya dukani, ile nyembamba iliyopakwa juu ya kauri, huishia kwenye nyuzi 500 au 600 hivi. Jiko la kuokea mkate inalifaa sana. Tanuri la vyungu hailifai.

Basi tufike kwenye meza ya mjenzi wa leo. Vihisi anavyovizoea, kama DS18B20 na LM35, vimetengenezwa kwa silikoni, na silikoni haipiti nyuzi 125 au 150 ikabaki na akili zake. Kihisi cha infraredi cha MLX90614 hupima bila kugusa, lakini hukoma kwenye 380, na hata vile vya bei kubwa vinavyofika 1,000 na zaidi hutegemea kujua uso unaotazamwa unang'aa kiasi gani: chuma kilichosuguliwa na udongo mkavu vyenye joto moja havitoi mnururisho sawa. Inabaki themokapo, na kwa matumizi mengi chini ya nyuzi 1,200 ni aina ya K au N. Mpaka hapo washauri wengi wanakubaliana. Wanapoachana ni katika chipu ya kuisomea, na hapo ndipo Wedgwood anaporudi.

Chipu ya MAX31855 inapendwa kwa haki. Ni ya bei nafuu, inaonyesha robo ya nyuzi, inapima joto la ncha ya pili ya nyaya yenyewe, na hutoa taarifa waya ukikatika. Lakini kugeuza milivolti kuwa nyuzi, chipu ya aina ya K hutumia namba moja tu: maikrovolti 41.276 kwa kila nyuzi. Msomaji ameshaiona tarakimu hiyo. Ni umeme wa aina ya K kwenye nyuzi 1,000, uliogawanywa kwa 1,000. Mstari umepigwa kutoka sifuri hadi 1,000, ukarefushwa. Fanya hesabu kwa jedwali la kawaida la aina ya K. Chipu ikiwa kwenye nyuzi 25 na tanuri likiwa kwenye 1,000 kamili, chipu itasema 1,000.8, na mjenzi atafurahi. Tanuri likifika 1,200, waya hutoa milivolti 48.838, ukiondoa 1.000 ya ncha iliyoko kwenye nyuzi 25 na kugawanya, kisha ukarudisha 25, chipu itasema 1,184. Nyuzi 16 zimepotea, huku skrini ikiendelea kuonyesha robo ya nyuzi kwa utulivu kabisa. Na kidhibiti kikiambiwa kifike 1,200, kitazidi kuchochea moto hadi karibu 1,218.

Watakuwepo watakaosema nyuzi 16 si kitu, kwa kuwa kosa linaloruhusiwa kwa waya wa kawaida wa K ni asilimia 0.75, yaani nyuzi 9 kwenye 1,200. Hoja hiyo haisimami. Kosa la waya laweza kuwa la juu au la chini, na huwezi kuliondoa bila kuugharimia waya bora. Kosa la mstari liko upande mmoja daima juu ya nyuzi 1,000 hivi, linajumlika na lile la kwanza, na kuliondoa hakugharimu senti moja: programu huichukua namba ya chipu, hurudisha hesabu hadi kwenye milivolti, huongeza umeme wa ncha ya pili, kisha hutafuta nyuzi katika jedwali au polinomia iliyochapishwa. Ni mistari michache. Asiyetaka kuiandika anunue MAX31856, ambayo ina jedwali hilo ndani yake. Kwa anayechoma vyombo vya udongo vigumu kama mawe, ambako koni mbili zinazofuatana hutofautiana kwa makumi machache ya nyuzi, nyuzi 18 za ziada zinatosha kuifanya rangi itiririke hadi kwenye rafu ya tanuri.

Jambo la pili linalosahauliwa ni ncha isiyo motoni. Seebeck aliona sindano ikigeuka kwa sababu ya tofauti ya joto kati ya maungio mawili, na kanuni hiyo haijabadilika. Themokapo haijui joto la tanuri. Inajua tanuri limezidi kiasi gani mahali nyaya zake zinapoishia. Mtu akirefusha nyaya za K kwa waya wa kawaida wa shaba, amehamisha mwisho huo. Ikiwa kichwa cha kihisi, kilicho kwenye ukuta wa tanuri, kina nyuzi 80, na chipu iko mezani kwenye 30, nyuzi 50 zimeondoka bila dalili yoyote. Warefushaji wa nyaya watumie waya wa K wenyewe, na waangalie rangi. Katika utaratibu wa Marekani waya mwekundu wa themokapo ni hasi, kinyume na kila kitu ambacho fundi wa betri na redio amezoea, na wa njano ndio chanya. Katika utaratibu wa kimataifa chanya ni kijani na hasi ni nyeupe. Rangi zikiwa zimeungua, chukua sumaku: waya wenye alumini, ambao ni hasi, huvutwa, wa kromi hauvutwi. Mwenye kuzigeuza ataona namba ikishuka kadiri moto unavyopanda, na huyo ana bahati, kwa kuwa ameonyeshwa kosa lake. Aliyezigeuza mara mbili, kichwani na mezani, ataona namba inayopanda vizuri, ambayo ni ya uongo.

Njia ya kukagua ipo, nayo ni ya zamani. Wapimaji wa kizazi kilichomfuata Le Chatelier walifungua ungio la themokapo, wakaziba mwanya kwa kipande kifupi cha waya wa dhahabu, wakapandisha moto polepole. Namba hupanda, hufika mahali ikasimama kidogo dhahabu inapoyeyuka, kisha waya hukatika na namba hupotea. Pale iliposimama ni nyuzi 1,064. Dhahabu ilichaguliwa kwa sababu hewa haiigusi; fedha ikiyeyuka hewani hunyonya oksijeni na kituo chake hushuka kwa nyuzi kama 10. Sonara yeyote anaweza kumuuzia mtu milimita chache za waya, mradi iwe dhahabu safi ya karati 24, kwa kuwa ile ya karati 18 au 22 ina metali nyingine ndani yake na huyeyuka kwenye joto jingine. Lakini kumbuka kwamba kituo kimoja hakitoshi kuuhalalisha mstari. Kwenye dhahabu, MAX31855 bila marekebisho itasema karibu 1,061, tofauti ndogo ambayo mjenzi mwenye haraka ataipuuza, ilhali nyuzi 136 tu juu yake kosa limekuwa mara tano. Kwa hiyo anza kwa jedwali, ndipo uende kwa dhahabu. Jaribu pia sehemu ya chini kwa maji yanayochemka, na uliye Nairobi usitegemee kuona 100, kwa kuwa kwenye mwinuko huo maji huchemka kati ya nyuzi 94 na 95. Andika namba ulizopata na tarehe, ubandike kwenye sanduku la kidhibiti, na urudie baada ya michomo kadhaa. Waya wa K uliokaa sana juu ya nyuzi 1,000 huzeeka, na siku utakapousimamisha kwenye dhahabu ukakuta namba imeshuka kwa nyuzi 10 au zaidi, usiuongezee nyuzi 10 ndani ya programu. Utoe, uweke mwingine.